Sitonik Alipolipwa

Sitonik alishika zile noti asijue azitie wapi. Kwao Arash, alikochunga ng'ombe wa watu miaka na miaka, mchungaji hupewa mtamba wake, ndama jike wa ujira, siku anapoondoka. Ukikabidhiwa chako, umeagwa. Sasa fundi Felisiani, aliyempokea karakanani Karatu ajifunze kuunda maboila ya kuchemshia maji ya loji, amemlipa mwezi ulipoisha tu, na kuchomelea hajajua.

Kosa lake nini? Labda lile boila la asubuhi, lililovuja kwenye mshono walipolijaza maji. Lakini kama anafukuzwa, mbona mzee alimpa hela huku anacheka? Mbona hakudai glavu zake? Sitonik alizivua mwenyewe, akaziweka mezani, akakunja shuka lake kwapani, akaenda kumpa fundi mkono.

“Mzee, nashukuru. Unisamehe kwa lile boila.”

Felisiani aliutazama ule mkono, kisha akaubandika zile glavu.

“Boila lako bado linavuja, halafu unaniaga?”

Sitonik alizivaa, akauinamia mshono wake, akijiuliza siku ya kuondoka kwake kweli atapewa nini.