Siku Niliyomwita Mwenzangu Mwizi

Mimi hasira zangu ziko karibu, wala sijivunii. Miaka sita nilifunga spika za magari hapa Gatina, Kawangware, pamoja na mwenzangu, ambaye kila asubuhi alitoka kwake Kibera kwa miguu. Yeye ananunua vifaa mjini, mimi nafunga nyaya. Tuligawana kazi hivyo na hatukuwahi kukosana.

Siku hiyo tulikuwa na matatu iliyotoka kwa mchoraji juzi tu, rangi bado inanuka. Ilikuwa izinduliwe mchana, na matatu ikizinduliwa mtaani kwetu watu hujaa barabarani kungoja muziki. Nikawasha. Sauti ya chini, safi kabisa. Nikapandisha. Besi ikapiga mara moja, mbili, halafu kimya. Taa nyekundu ikawaka kwenye amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti. Nikabadilisha fyuzi. Nikazijaribu spika moja moja, hata sabwufa ya besi, zote nzima. Nikaazima hata betri. Wapi! Ikakata vilevile.

"Fundi, hiyo sabwufa ni bubu ama?" mmoja akauliza, umati ukacheka.

Damu ikanipanda. Kilichobaki ni amplifaya yenyewe, na aliyeinunua ni mwenzangu. Nikajua, eti nikajua, ameuza ile nzuri akaniletea feki. Nikamgeukia, nikapaza sauti: "Wewe ni mwizi!"

Jamani, neno hilo halitamkwi ovyo Kawangware. Kabla sijafunga mdomo, watu wasiomjua walishamkamata shati. Mmoja akaokota jiwe. Mwenzangu hakupigana. Aliniangalia tu.

"Ngojeni! Bado sijapima!" nikapiga kelele. Mwenye gari akajitupa mbele ya mwenzangu, akanifokea, "Basi pima, haraka!"

Nikaingia garini na mita ya kupimia umeme. Kwenye betri, umeme kamili. Kwenye amplifaya, kila besi ikipiga umeme unaanguka.

"Angalia waya mweusi," mwenzangu akaniita kutoka mikononi mwao. "Pale ulipoufunga kwenye bodi ya gari."

Nikafungua nati. Chini yake rangi mpya, nene, inang'aa. Nilikuwa nimeufunga waya juu ya rangi, haukukaa kwenye bati, na rangi haipitishi umeme. Hilo ni kosa la mtu wa siku ya kwanza kazini, na nililifanya mimi, kwa mikono yangu. Niliona aibu mpaka nikataka kulia. Nikakwangua kwa bisibisi hadi bati likaonekana, nikakaza, nikapandisha sauti yote. Vioo vikatetemeka.

"Kosa ni langu!" nikapaza sauti kwa nguvu zote. "Mwachilieni! Hajaiba kitu!"

Wakamwachilia, na papo hapo wakaanza kucheza, hata yule wa jiwe, jiwe lingali mkononi. Hakuna aliyemwomba msamaha.

Nikamfuata kando ya gari. Vifungo viwili vya shati lake havikuwepo. Nikamwambia, "Pole, ndugu yangu. Ni hasira tu." Akajibu kitu, lakini besi ilikuwa imenijaa masikioni. Ikabidi nirudi ndani kupunguza, kisha nimwombe aseme tena.

"Hao hawanijui," akasema. "Wewe umekula kwangu."

Akashika njia ya Kibera, bila hata kuchukua vifaa vyake. Watu wakapiga kelele niongeze sauti. Nikaongeza.