Vichwa Saba Mlangoni mwa Kanisa

Hii habari afadhali niisimulie mwenyewe, kwa sababu hapa mtaani kwetu Mirongo wapo watu wanaoisimulia bila kuniomba ruhusa, na kila mmoja ananiongezea ujinga ambao sikuufanya (niliofanya ulitosha, jamani, haukuhitaji nyongeza). Mimi ni kinyozi, nanyoa mwaka wa kumi na moja sasa, na mgeni akiniuliza ni siku gani nilitamani ardhi ipasuke niingie, simjibu, najifanya natafuta poda. Lakini ninyi ni watu wangu, sogezeni viti.

Rafiki yangu Mabula, tuliyekua naye ukuta kwa ukuta, alikuwa anaoa Jumamosi. Harusi yenyewe ilishanusurika kuahirishwa mara moja, maana baba yake, Mzee Ndaki, alikuwa amelazwa hospitalini Misungwi wiki ya tatu, kifua kimembana, na familia ilisema haiwezekani watu kucheza muziki wakati mzee yuko kitandani. Mzee mwenyewe ndiye aliyekataa, akasema oeni, nitapona nikisikia mmeoa, mkiahirisha kwa ajili yangu ndiyo mtaniua. Basi mipango ikaendelea, lakini roho za watu zilikuwa juujuu, simu ikiita kutoka Misungwi kila mtu anaacha kutafuna. Na upande wa bibi harusi, baba yake Neema alishasema wazi kwamba kukitokea msiba harusi inasimama mpaka mwakani, yeye binti yake hamtoi nyumbani akaingie kwenye matanga.

Siku ya siku, saa mbili asubuhi, Mabula akanijia saluni na wapambe wake sita, wanne kati yao wadogo zake wa damu, suti zao zimetundikwa ndani ya gari, ibada saa tano. Alikuwa amefuga nywele miezi miwili kwa ajili ya siku hiyo. Alitaka namba mbili juu, pembeni zishuke taratibu mpaka ziishie shingoni, mbele nimchonge mstari. Kazi ndogo hiyo, naweza kuifanya huku nasinzia (na mngeniambia nisinzie ingekuwa nafuu).

Sasa kunyoa kuna utaratibu wake, na mimi huwa nawahubiria sana watu. Unaanza na namba kubwa ndiyo unashuka, unaangalia nywele zimelala upande gani, husukumwi na haraka ya mteja, na jicho lako halibanduki kichwani mwa mtu, kwa sababu nywele kupunguza unaweza, kurudisha huwezi. Nayajua yote hayo. Ila kile kitana cha plastiki cha namba mbili, kinachovalishwa mdomoni mwa mashine ili isifike kwenye ngozi, kilikuwa kimekatika kadomo kake ka kushikia tangu Jumatano. Duka la kununua kingine liko mtaa wa pili, ni kwenda na kurudi dakika kumi. Nikasema moyoni, aah, nakibana na kidole gumba, mbona jana nimenyoa watu wazima na akili zao hivyohivyo wakaondoka wanacheka?

Nikaanza. Mabula kafumba macho, amechoka na vikao vya harusi, wapambe wanapiga kelele, na mmoja wa wadogo zake, Kulwa, katoa simu anarekodi. "Fundi Bujiku, angalia huku basi, waambie neno maharusi!"

Ningenyamaza. Ningesema ngoja nimalize. Mimi nikainua uso, nikatabasamu meno yote nje, nikasema "Maharusi oyee!" na hicho kidole gumba kilichokuwa kinabana kitana, jamani, nikakiinua juu kuwapa dole.

Nilisikia kabla sijaona. Mashine yenye kitana inanong'ona, isiyo na kitana inakwaruza, na mimi nilisikia kkrrrr, tena mkono ulikuwa bado unatembea. Kutazama chini, kitana kiko mapajani mwa Mabula, na kichwani kuna barabara, imetoka kwenye paji la uso mpaka utosini, imenyooka haina hata kona.

Mtu mwenye akili angesema palepale, samahani ndugu yangu, nimeharibu. Mimi nikageuza kiti kisitazamane na kioo, nikachukua piko, ile rangi nyeusi ninayowapaka wazee wenye mvi, nikaanza kuipaka ile barabara kwa brashi nikiomba Mungu iwe nywele. Piko juu ya ngozi tupu haiwi nywele. Inakuwa kiatu kilichopigwa kiwi.

"Fundi," akasema Doto, pacha wake Kulwa, "hapo katikati pamefanyaje?"

Mabula akafumbua macho, akajigeuza mwenyewe kwenye kioo. Akapitisha kidole juu ya ile barabara, kikarudi cheusi.

"Bujiku. Hiki nini?"

"Hicho... ni kivuli."

"Kivuli cha nini?"

"Cha taa."

Hakunipiga, na mpaka leo sijui kwa nini. Kilichobaki ni kuondoa zote. Nikamnyoa upara, nikamsugua ile piko kwa spiriti mpaka machozi yakamtoka, na alipojiangalia tena akasema haendi, hawezi kusimama madhabahuni peke yake kama yai kwenye trei. Saa imeshafika tatu na nusu. Ndipo Kulwa akaruka, "Tunyoe wote! Wote upara, suti nyeusi, miwani nyeusi, watu watajua ni staili!" Wapambe wakashangilia kama wamefunga goli. Na mimi nani nikatae? Nilijiona nimeokoka. Nikawanyoa mmoja baada ya mwingine kwa moyo mweupe kabisa, na nakiri niliwanyoa vizuri, hakuna kidonda, hakuna kipele, mafuta juu, vichwa vinawaka.

Hapo ndipo ninaposhangaa mpaka leo. Tulikuwa watu wazima wanane ndani ya chumba kimoja, tumezaliwa huku huku, tumezika huku huku, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kwetu watoto wa kiume wakionekana wote upara kwa siku moja, maana yake wamemzika baba yao.

Tukafika kanisani saa tano kasoro. Akinamama wa ukoo wao kutoka Misungwi walikuwa wamejipanga mlangoni na vitenge vyao vya sare, vigelegele mpaka barabarani. Magari yakasimama, milango ikafunguliwa, wakashuka. Upara wa kwanza, suti nyeusi. Upara wa pili. Walipofika wanne vigelegele vikapungua, na alipotoka wa saba vikakatika kabisa.

Shangazi yao, dada yake Mzee Ndaki, akaweka mikono kichwani. "Kaka yangu weee!"

Basi imekwisha. Mama mmoja akajitupa chini, mwingine akamfuata, vitenge vya harusi vikafungwa viunoni kwa ajili ya msiba, na mimi nimesimama nyuma ya gari na nywele zangu nzuri kichwani.

Mama yao akatoka mlangoni. Aliwatazama wanawe watano, kichwa hadi kichwa, wala hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema kwa sauti ndogo, "Jana nimemwacha anakunywa uji. Mmemzika saa ngapi?"

"Mama, baba mzima!" Mabula akamshika mikono. "Mzima kabisa, hajambo, anaendelea vizuri!"

Mnanielewa lakini? Nani hapa hajawahi kupigiwa simu akaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, wewe njoo tu, akafika akakuta turubai limeshafungwa? Ndivyo tunavyofichana sisi. Kila Mabula alivyosema hajambo, ndivyo vilio vilivyopanda. "Mnatuficha!" shangazi akapiga kelele (shangazi akiwa na uchungu herufi zake zinahama), "Semeni ukweri! Amekufa rini?" Doto akapiga simu Misungwi, haipatikani. Akaweka sauti ya juu ili watu wasikie mzee akijibu, wakasikia ile sauti ya dada wa mtandao ikisema jaribu baadaye. Ungedhani ni yeye amesoma tangazo la kifo.

Mchungaji akaja na kalamu, akamuuliza Mabula taratibu jina kamili la marehemu, aliweke kwenye sala. Na baba yake Neema akateremka kwenye gari la bibi harusi, akavua kofia, akamshika Mabula mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, kijana wangu. Haya ya harusi tutayaongea mwakani." Nyuma yake nikamwona Neema kwenye kioo cha gari, shela lote kalikumbatia, anamlilia mkwe ambaye hajafa.

Hapo nikajua nisiposema mimi, hakuna mwingine. Nikapanda kwenye ngazi. "Jamani! Mzee hajafa! Mimi ndiye niliyewanyoa, niliharibu kichwa cha bwana harusi!"

"Na huyu naye wamemtuma," shangazi akasema.

Nilibaki na kitu kimoja tu cha kunitetea, nacho nilikiogopa kuliko kipigo. "Kulwa," nikasema, "waonyeshe video."

Ile simu ikapita mkono kwa mkono, mchungaji, wazee wa kanisa, kwaya yote, baba mkwe akavaa miwani yake ya kusomea kabisa. Mimi nimesimama pale juu, na kila baada ya muda nasikia sauti yangu mwenyewe, "Maharusi oyee!" halafu kkrrrr, halafu mtu mwingine anaziba mdomo. Kikundi hiki kinalia, kile kinacheka, wapo waliokuwa wanafanya vyote viwili. Kulwa hakuwa ameacha kurekodi, kumbe, hata kile kivuli cha taa kimo.

Lakini mama yao hakucheka. "Nimeona," akasema. "Nywele nimeziona. Mume wangu yuko wapi?"

Doto akaanza kupiga tena na tena. Nadhani zilipita dakika tano, zikawa ndefu kuliko mwaka wangu wa kwanza kazini, mpaka simu ya Doto ikaita. Akapokea, akabonyeza sauti ya juu.

"Nimewasha simu nakuta mmenitafuta mara kumi na tisa," ikasema sauti ya kukohoa. "Mbona mnanipigia kama nimekufa?"

Watu wakapiga yowe. Mama akaichukua ile simu. "Wewe siyo yeye. Wewe ni mdogo wake, mnafanana sauti. Usinichezee."

"Mke wangu, acha mambo yako. Tangu jana nashindwa kusoma hata karatasi ya dawa, umeondoka na miwani yangu."

Mama akafungua mkoba. Akaingiza mkono, akatoa leso, akatoa funguo, akatoa miwani. Akakaa pale pale kwenye ngazi na gauni lake la sherehe, akaikumbatia ile miwani kifuani, na kilio alichokuwa amekizuia muda wote ndipo kikamtoka. Nililia na mimi, sioni haya kusema. Vigelegele vilivyofuata nadhani hata ng'ambo ya ziwa walivisikia.

Mzee akaelezwa. Akakohoa, akauliza, "Nani huyo aliyewanyoa?" Nikapewa simu. "Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Umenifanyia msiba bado napumua, Bujiku. Haya. Waambie na wewe wakunyoe. Njia moja tu, kutoka mbele mpaka utosini. Na ikae hivyohivyo mpaka nitoke hapa hospitali."

Mashine yangu ya betri nilikuwa nimekuja nayo kwenye begi, endapo kichwa kingehitaji kurekebishwa. Mabula alinipitishia hiyo njia yeye mwenyewe, mbele ya kanisa, huku kwaya inapiga makofi, ndipo akaingia kufunga ndoa. Nipo kwenye picha zote za harusi yao na barabara yangu kichwani, na Neema amekataa kuzificha.

Nilikaa nayo siku kumi na saba. Kinyozi mwenye kichwa cha namna hiyo, mteja anachungulia mlangoni, anasema nitapita kesho. Ningeweza kuvaa kofia, ningeweza kunyoa zote na mzee asijue, lakini niliogopa, sijui niliogopa nini, niliona kama nikiigusa ile njia mzee atazidiwa. Watoto wake walimwombea, sawa, lakini nawaambia hakuna aliyemwombea yule mzee apone kama mimi. Kila asubuhi nilimpigia mama, na kila aliponiambia anaendelea vizuri, nilimwomba ampe simu nimsikie mwenyewe akikohoa.

Siku ya kumi na nane gari likasimama nje, akashuka Mzee Ndaki, amekonda, kashikwa na mkewe kulia na Mabula kushoto. Hakuwa hata amefika nyumbani. Akaniambia kaa, nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, akaomba mashine, akaninyoa zilizobaki. Alinikata sikio mara mbili, na sikusema kitu, maana kiganja alichonishika nacho kichwa kilikuwa na joto.

Alipomaliza akanifuta kwa taulo, akaniangalia kwenye kioo. "Haya," akasema, "matanga yangu tumeyaanua. Sasa nipelekeni nikale ugali."

Mimi nilibaki pale kitini na damu sikioni, nacheka na kulia, nikaapa kwamba mashine ikiwa kichwani mwa mtu, hata aniite mama yangu mzazi, sitainua macho.