Kulia kwa Nani

Mama Futi alipewa jina hilo na wateja, kwa kuwa futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake hata siku za mazishi. Wanaomjua tangu zamani wanakumbuka alikoanzia: chumba kimoja, cherehani mbili, yake na ya dada yake, zimetazamana kama wake wenza walioamua kupatana. Sasa alikuwa na ukumbi mzima juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mafundi kumi na mmoja, na kibao cha rangi mlangoni: SARE INAYOMJUA MTOTO.

Maneno hayo aliyatunga wifi yake, dada wa mumewe, mkuu wa matangazo, mwanamke ambaye kwa ulimi wake angemuuzia kipara kitana. Lakini hakuyaokota hewani. Siku moja alimkuta Dada, yule wa cherehani ya pili, anashona kafumba macho, akamuuliza kama amesinzia. Dada akamjibu kwamba yeye hashoni nguo mpaka aivae kwanza moyoni, awe huyo mtoto, ajue mkono utakwenda wapi kutafuta kifungo. Wifi akacheka, akaenda moja kwa moja kuandikisha kibao.

Kibao kikafanya kazi yake. Shule moja ikavuta nyingine, na kampuni ikakua kama mtoto anayeacha nguo kila muhula. Mama Futi akatoka kwenye cherehani, akahamia kwenye meza yenye simu. Akaitisha kikao, akasema mambo ya kupigiana kelele kutoka cherehani hii hadi ile yamekwisha. Kuanzia leo kazi inafuata karatasi, na anayefuata karatasi hana lawama. Mafundi wakapiga makofi. Dada naye alipiga, kule nyuma alikokaa.

Ni macho ya Dada yaliyomnyima Mama Futi raha. Kutunga uzi kulimchukua mara tatu, mara nne. Wifi alishauri inunuliwe mashine ya matundu ya vifungo, na Dada akapumzike nyumbani kwa zawadi nzuri na maneno matamu. Mama Futi alikwisha kukubali nusu. Alichokosa ni mdomo wa kumwambia mtu aliyemfundisha kushika sindano.

Basi ikaja simu ya mwalimu mkuu wa shule iliyowapa oda kubwa kuliko zote. Blauzi mia moja na ishirini za wasichana, na zote zinafungika kiume. Wavulana wanawazomea wenzao kwamba wamevaa mashati ya kaka zao.

"Sare inayomjua mtoto," alisema mwalimu yule, kwa upole ule unaouma, "haijui hata kama mtoto ni wa kike?"

Akawaita kesho asubuhi wakajieleze, kabla hajaitoa oda ya mwaka mzima kwa fundi mwingine.

Wifi hakupoteza muda. Vifungo na matundu ni kazi ya Dada, Dada haoni, basi. Walimu nao ni watu, watamhurumia mzee, na kampuni itabaki safi. "Hatumsingizii mtu, wifi yangu," alisema. "Tunataja macho tu."

Mama Futi akamwendea Dada kwenye kona yake. Blauzi moja iliyorudishwa ilikuwa mapajani mwake. Dada hakujitetea, alisema tu kwamba kama ni kuondoka ataondoka, asitafutiwe maneno. Mama Futi akauliza karatasi ya kazi iko wapi. Dada akaitoa kwenye mkebe wa vifungo, imekunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa Mama Futi mwenyewe: blauzi za wasichana, vifungo kulia.

Akaitandaza blauzi mezani, akaitazama. Naam, aliandika hivyo akiwa kitini, nguo imelala mbele yake. Kulia kwake yeye anayetazama. Kwa mtoto aliyeivaa, upande ule ni kushoto. Na Dada tangu lini akaipima nguo kwa upande wa meza?

"Dada, si unajua za kike vifungo hukaa kushoto kwa mvaaji?"

"Nimejua wewe hujaota meno."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Dada akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo. "Zamani ningekuita mjinga, nikuulize kulia kwa nani. Siku hizi wewe ni mkurugenzi, mdogo wangu. Nikasema labda shule hiyo wana yao."

Mama Futi akakaa sakafuni pale pale. Katika chumba kile cha zamani waligombana kutwa nzima juu ya mshono mmoja, na hakuna nguo iliyorudi. Ugomvi ule aliuona utoto wa kazi, akauzika kwa kikao na makofi. Sasa dada yake, tumbo moja, anaogopa kumuuliza.

Asubuhi wifi alikuja na maneno yake yameiva. Mama Futi akamwomba amwachie. Mbele ya mwalimu mkuu akaweka karatasi mezani, akasema mwandiko ni wake na kosa ni lake. Aliandika akitazama meza, hakumtazama mtoto. Wifi akaikodolea macho dari. Mwalimu mkuu akasoma, akainua mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto, akacheka bila kutaka. Akawapa wiki mbili. Oda ya mwaka hakuiahidi. Alisema ataziona kwanza blauzi.

"Karatasi iliandika kulia, na kulia tutalia," wifi alinung'unika njiani. Lakini walipofika ukumbini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua wembe wa kufumulia.

Mama Futi akaenda kwa Dada, akamwambia yote, pamoja na lile la kumpumzisha.

"Nilijua," Dada akasema. "Wifi yako akinong'ona, hata wauza misumari chini wanasikia." Akapapasa mshono wa blauzi. "Macho yamechoka kweli. Nunueni hiyo mashine. Nguo zipite kwangu nizikague kwa vidole, na nikiuliza nijibiwe."

"Utajibiwa, Dada."

"Haya. Sasa sogea, unanizibia mwanga."

Mkurugenzi akasogea.