Masikio ya Nakwang

Juzi nilipeleka mbuzi wangu kuchanjwa Lodwar, nikamkuta daktari wa mifugo akimtazama paka mweupe mwenye vidonda kwenye ncha za masikio. "Ni jua," alimwambia mwenye paka. "Usipomkinga, vitarudi kila kiangazi."

Papo hapo nikasikia harufu ya mafuta ya mbuzi.

Nilikuwa mtoto, kwetu Kakuma, alasiri moja mabati yakilia kwa joto. Paka wetu mweupe, Nakwang, alikuwa na masikio yaliyopona wakati wa mvua na kuchubuka tena jua liliporudi. Mimi niliamini anaugua aibu. Bibi yangu alijipaka mafuta ya mbuzi yaliyochanganywa na udongo mwekundu kila asubuhi, na nilimsikia akisema mwanamke asiyejipaka ni kama yuko uchi. Basi nikachukua kibuyu cha mchanganyiko huo alichokuwa amekiweka kwa harusi ya shangazi, nikampaka Nakwang masikio na pua mpaka kibuyu kikabaki kitupu.

Bibi aliporudi nilijikunyata nikingoja fimbo. Akamwinua paka, akamgeuza huku na huku, akacheka.

"Ejok! Vizuri! Sasa huyu ni binti wa watu. Kesho utasaga udongo mwingine wa harusi. Na huyu utampaka wewe, kila siku."

Nilimpaka mpaka vidonda vikafunga.

Daktari alifungua kichupa cha dawa, akaanza kumweleza mwenye paka namna ya kupaka. Nikanyoosha mkono.

"Lete hapa, daktari. Kazi hii nilifunzwa na bibi yangu."