Mikono Iliyogeuzwa na Simu

Kazi yangu ni kuandika programu zinazochora. Picha ikitembea kwenye skrini, ujue kuna mtu aliyeiambia kila nukta ikae wapi. Mara nyingine mtu huyo ni mimi, niko nyumbani Kitale, na umeme na mtandao vinanijia kwa zamu kama mabawabu. Majirani wanajua tu kwamba mimi ni "mtu wa kompyuta". Kwa hiyo wameniletea redio, jiko la gesi na mashine ya kunyolea. Ile ya kunyolea niliitengeneza ikapona. Sasa nina wateja.

Nikipumzika, najibu maswali kwenye jukwaa moja la mtandaoni, ambako waandishi wa programu kutoka kila pembe ya dunia huuliza kwa nini kitu kinachofanya kazi kwenye mashine moja kinagoma kwenye nyingine. Waulizaji wana adabu ya ajabu. "Haifanyi kazi," wanaandika, basi. Ni kama kumpigia daktari simu, useme "inauma", halafu ukate.

Mmoja aliwazidi wote. Aliandika kwa Kiingereza kizito kwamba picha zake zinakaa sawa kwenye kompyuta, lakini kwenye simu zinasimama kichwa chini. Nilifurahi, maana hilo nalijua kama njia ya kwetu. Nikamweleza: kompyuta yako inahesabu mistari ya picha kuanzia chini, simu inaanzia juu, rekebisha hapo tu. Akajibu kwamba hahitaji tena ushauri wangu, ameizungusha picha nusu duara na sasa imesimama wima. Nikamwambia kuzungusha si kupindua. Imesimama, ndiyo, lakini kulia kumekuwa kushoto. Akaniuliza nilisomea wapi.

Tulibishana hivyo mbele ya dunia nzima, mpaka kwa hasira Kiingereza kikamshinda. "Si nimekuambia imesimama bana! Niache, tafadhari!"

Tafadhari! Hiyo "r" mahali pa "l" naijua, ni ya majirani zetu; nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwandikia kwa Kiswahili, "Uko Bungoma ama Kimilili?"

Akauliza, "Nani amekuambia?"

Alikuwa mwalimu wa shule ya watoto viziwi, kule Kanduyi, Bungoma. Nimewahi kujibu watu wa mabara ambayo sitayakanyaga maishani, kumbe mbishi kuliko wote ni mtu ninayeweza kumfikia kabla chai ya saa nne haijamiminwa. Tukahamia kwenye simu, naye akawa mpole, ingawa si sana. Akanieleza kwamba amejifundisha mwenyewe kuandika programu ili wazazi wajifunze lugha ya ishara. Mzazi anachagua neno, na mtu wa kuchorwa anamwonyesha kwa mikono. Wengi wao, alisema, hawawezi hata kumuuliza mtoto wao kama amelala vizuri.

Kejeli zangu zikakosa pa kukaa.

"Na wazazi wameshaanza kuitumia?" nikauliza.

"Tangu likizo iliyopita."

"Kwenye simu?"

"Sasa wapi tena, madam?"

Jumamosi nikaenda.

Nilimkuta amevaa tai, siku ya Jumamosi, kama mtu anayesubiri hukumu ya kesi aliyokwisha kushinda. Akafungua kompyuta yake. Mtu wa kuchorwa alionekana kama unayemchungulia juu ya bega lake, ili mzazi amfuate mkono kwa mkono. Kila kitu sawa kabisa. "Unaona?" akasema.

"Naona, mwalimu. Sasa tupate simu."

Simu ilikuja yenyewe. Mama mmoja anayeuza mitumba Lwakhakha alikuwa amekuja kumwona binti yake, na aliposikia habari za programu akaingia bila kubisha.

"Ni wewe mwenye kutengeneza?" akaniuliza. "Basi tengeneza na huyu mtoto. Likizo yote namwonyesha duka liko kulia, yeye anaenda kushoto. Nikimwonyesha kushoto, anaenda kulia. Ati anajifanya haelewi. Nimemgombeza mpaka amelia."

Mwalimu akachukua simu ya yule mama, akachagua neno "kulia". Mkono wa mtu wa kuchorwa ukaelekea kushoto, bila aibu yoyote.

"Ameenda kushoto," nikasema, kana kwamba mwalimu hana macho yake.

Mwalimu akavuta kiti, akakaa. "Wazazi wote wamejifunza hivi?" akauliza polepole. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Kitale, nzuri, yenye meno. Sikuitoa.

Tuliondoa mzunguko wake, tukabadilisha mahali pale nilipomwambia tangu mwanzo. Simu ikapona, kompyuta ikasimama kichwa chini.

"Sasa umeharibu yangu!" akaruka, na kwa kweli alionekana amefurahi.

Ikabidi tuifundishe programu iulize kwanza iko kwenye mashine gani, kabla ya kuchora chochote. Baada ya hapo zote mbili zikakubaliana, kitu ambacho mimi na mwalimu hatukuwa tumekiweza.

Yule mama alikuwa ametuangalia muda wote huo. "Kwa hivyo mtoto alikuwa anafanya vile nilimwambia?" akauliza.

"Ndiyo, mama," mwalimu akasema. "Makosa ni yangu."

Yule mama hakumkaripia. Alitafuta neno moja kwenye simu, akalirudia mara nyingi kwa mikono yake mizito ya kufunga mabelo ya nguo, kisha akatoka kwenda uani alikokuwa binti yake. Niliwaona kupitia dirisha. Alimwambia binti yake samahani. Binti akaitazama ile ishara, akaushika mkono wa mama yake, akavinyoosha vidole vilivyokaa vibaya, akamwonyesha arudie. Mama akarudia. Mwalimu akageuka kupangusa skrini ambayo haikuwa na vumbi.

Wiki iliyofuata aliandika jukwaani: "Tatizo limekwisha. Nimegundua mwenyewe kwamba kuzungusha si kupindua." Akalichagua jibu lake mwenyewe kuwa ndilo sahihi. Watu wa nchi za mbali wakampongeza.

Baada ya likizo iliyofuata nilimpigia mwalimu simu kuuliza habari za yule mama.

"Amekuja kulalamika," akasema. "Ati mtoto siku hizi anamjibu. Wamebishana likizo nzima, mpaka juu ya nani aoshe vyombo."

"Na nani alishinda?"

"Mtoto. Ana mikono ya haraka, huyo."