Manzanita ya Mama Shirin

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Kitalu alinipa glavu lakini akanikataza kugusa mpira wa maji. "Mimea mingi hapa inakufa kwa kumwagiliwa," alisema. "Wiki hii tazama tu." Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, huku ng'ambo, kwenye kitalu kimoja cha Downsview, nyuma ya maghala. Nilitoka Morogoro, nikiishi mtaa wa Lawrence Heights, na baridi bado ilinitoa machozi.

Baadaye nilihamishiwa nyumba ya baridi. Hiyo ni nyumba ya vioo inayopashwa moto kidogo tu, maji yasigande, kwa mimea isiyoweza theluji wala joto la sebuleni. Humo ndimo nilimoijua manzanita, mti mfupi wa pwani ya magharibi, upande wa Vancouver, unaopenda jua na udongo wa kichanga. Gome lake ni jekundu, laini, la baridi ukiligusa, na wakati wa joto hubanduka jembamba kama karatasi. Maua yake ni ya waridi, kama vikengele.

Mti huo ulikuwa wa Mama Shirin, Mwismaili mzaliwa wa Dodoma. Marehemu mumewe aliupanda kwenye chungu walipokuwa wakiishi Vancouver. Kila mwaka Mama Shirin aliuleta kabla ya theluji, ikiyeyuka akauchukua. Aliposikia natoka Morogoro, aliacha Kiingereza hapo hapo.

"Mwanangu, unaulaza vizuri?"

"Umelala, mama. Hata maji naupa kwa nadra."

Mwaka mmoja, kitalu kikiwa kimefungwa kwa sikukuu, bomba lilipasuka juu yake. Tuliporudi, chungu kilikuwa kimejaa maji, majani yamepauka, mizizi myeusi inanuka. Msimamizi alivua kofia.

"Mpigie wewe," aliniambia. "Kwa lugha yenu labda itamuuma kidogo."

Ilimuuma sana. Kisha akauliza, "Hakuna hata tawi moja lililo hai?"

Lilikuwepo moja. Nilikata vipandikizi, yaani vipande vya ncha changa, nikavichovya kwenye unga wa kuchochea mizizi, nikavisimika kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kimoja baada ya kingine vilikauka. Siku moja nikakivuta taratibu kile cha mwisho, kikagoma kutoka; kilikuwa kimeota mizizi. Nilimwita Msimamizi aje akivute naye. Alicheka peke yake kama mtoto.

Ilichukua miaka gome kuwa jekundu. Wakati huo macho ya Mama Shirin yalikuwa yamefifia, akiletwa na mjukuu wake, Alia. Alilifumbata shina kwa kiganja.

"Ubaridi wake ni uleule," alisema. Hatukumharakisha.

Alifariki mwaka niliostaafu. Sasa vijana wakiniuliza kuhusu kazi ile, huwaeleza udongo na vipandikizi, kisha najikuta namzungumzia yeye.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Alia alikuja peke yake, amekumbatia chungu. Miaka yote alielewa Kiswahili changu lakini akinijibu kwa Kiingereza. Safari hii alihangaika na maneno.

"Shangazi, nani... nani ataangalia yeye sasa?"

"Wewe," nilimwambia. Nikakishika kidole chake, nikakizamisha udongoni, asikie unyevu unaotosha.