Jivu la Syokau

Potashi ya dukani, mbolea ya kunenepesha matunda, huchimbwa ng'ambo, kwenye chumvi ya bahari zilizokauka zamani za kale. Ya Syokau hutoka kwenye meko ya kuni ya mtaa wa Kiandutu, anakozoa majivu ya wauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kulisha migomba yake ya shambani Murera, iliyozaa ndizi nyembamba msimu uliopita. Jana mvua ilimkuta uani, magunia yakiwa wazi. Syokau hana mchezo: alivuta turubai, akayafunika kwanza.

"Mama Nzioki, nguo zinanyeshewa kwa kamba na wewe unafunika jivu!" jirani yake Farhiya alicheka.

"Nguo zitakauka. Jivu likilowa, potashi yote inaenda na maji, halafu nipelekee migomba vumbi?"

Farhiya, bado akicheka, akashika upande wa pili wa turubai.